Sledi (pikipiki ya theluji) ya turbo imeishiwa nguvu na betri inakufa kila siku? Pima volti kwanza kabla hujanunua kitu

Msimu mmoja nilinunua mkanda mpya wa klachi, nikabadili plagi zote, nikamwaga petroli iliyokuwa kwenye tangi nikaweka nyingine, na mashine bado ilikuwa inapanda mlima kama kuna mtu kaishika kwa nyuma. Kumbe shida ilikuwa bolti moja tu ya spana namba 10, ile inayobana waya wa athi (unaounganisha hasi ya betri na chuma) kwenye injini, ilikuwa imelegea kwa mtetemo alafu chini yake kopa ya waya ikaota ukijani. Dakika tano za msasa na ikarudi kuwa mashine. Mkanda wa zamani nilikuwa nshautupa, ulikuwa mzima kabisa.

Ndo maana siku hizi mtu akiniambia pikipiki yake ya theluji yenye turbo (kifeni kinachozungushwa na moshi wa injini ili kisukume hewa nyingi ndani) imekosa nguvu, siulizi kuhusu turbo, nauliza betri inasoma volti ngapi. Watu wanashangaa, wanasema betri si ya kuwashia tu? Hapana. Pampu ya mafuta ni ya umeme, injekta ni za umeme, wesgeti (kale kamlango kanakopunguza presha ya turbo) kwenye mashine nyingi za kisasa kanaamriwa na kompyuta, na kompyuta yenyewe inakula umeme huohuo. Volti zikishuka pampu inasukuma kinyonge, injekta zinachelewa kufunguka, na kompyuta ikiona mambo hayaeleweki inakata nguvu yenyewe ili injini isiungue. Na hilo halitokei ukiwa unatembea taratibu kwenye tambarare, linatokea umefungua mafuta yote katikati ya mlima, kwa sababu hapo ndo turbo inaingiza hewa nyingi na injini inataka mafuta mengi ya kuendana nayo. Kwahiyo ugonjwa wa umeme unakuja umevaa nguo za turbo.

Sasa kabla hujafungua hata skrubu moja, jaribu kukumbuka dashibodi ilikuwa inaonyesha nini nguvu ilipoondoka. Kama RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) zilikuwa juu kama kawaida, injini inapiga kelele ile ile lakini spidi hakuna, shida haipo kwenye injini, nenda kwenye mkanda na klachi. Kama umefungua mafuta yote na RPM hazifiki pale zinapofikaga, angalia presha ya turbo, mashine nyingi za kiwandani zinaionyesha kwenye skrini. Presha ndogo kuliko ulivyozoea maana yake hewa inavuja au haiingii au wesgeti imekwama wazi. Presha iko sawa lakini nguvu haipo, hapo ni mafuta, plagi, joto, au kompyuta imerudisha nyuma moto wa plagi (imechelewesha cheche). Na kama kuna taa ya onyo na mashine inagoma kupita spidi fulani hata ufanyeje, hiyo imejifunga yenyewe, piga picha ya kodi (namba ya hitilafu kwenye skrini) kwa simu kabla hujachomoa betri.

Haya, betri. Chukua multimita (kipimo cha umeme), ya bei rahisi inatosha, na upime betri ikiwa imepumzika masaa kadhaa bila kuwashwa na bila kuchajiwa, manake ukipima muda huo huo umechomoa chaja itakudanganya. Betri ya asidi (pamoja na zile za AGM zilizofungwa kabisa) ikiwa imejaa inasoma kama 12.7. Ikisoma 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 hiyo inakaribia tupu hata kama taa zinawaka vizuri. Alafu mwambie mtu apige stata wewe ukiwa umeshika ncha za multimita kwenye betri: kama betri imejaa na bado inaporomoka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, betri imeisha, usiibembeleze. Pia sio kila betri inayozungusha stata ni nzima, betri yenye chumba kimoja kibovu inaweza kuwasha asubuhi alafu mchana kutwa ikawa inanyonya umeme wote unaotengenezwa, na wewe huku unalaumu turbo.

Baridi nayo ina mambo yake. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri ya asidi inabaki na kama nusu ya nguvu yake ya kuwashia, na wakati huo huo oili imekuwa nzito injini inataka nguvu zaidi kuzunguka. Betri iliyojaa haigandi hovyo, lakini iliyoisha chaji inaganda nyuzi chache tu chini ya sifuri kwa sababu asidi yake imeshakuwa karibu maji matupu. Ukikuta betri imevimba ubavuni au ukiitikisa husikii kimiminika kikicheza (hii kwa zile za maji), hiyo imeganda. USIICHAJI wala usiibusti (kuiwasha kwa betri nyingine) hivyo, inaweza kupasuka usoni kwako. Iingize ndani iyeyuke kwanza, na mara nyingi ukija kuipima utakuta haina maisha tena.

Wenye betri za lithiamu nao wana mtego wao. Hizi zikijaa zinasoma 13.2 au 13.3 zikiwa zimepumzika, kwahiyo mtu anapima anakuta 12.8 anafurahi anasema imejaa, kumbe inakaribia kuisha. Asubuhi ya baridi kali inaweza kuzungusha stata kinyonge mara ya kwanza ukadhani imekufa. Washa swichi, acha taa ziwake dakika moja au mbili bila kupiga stata, ijipashe joto kwa kutoa umeme, alafu jaribu tena, utaona mara ya pili inapiga vizuri kuliko ya kwanza. Ila kuichaji ikiwa chini ya sifuri ni kuiua, na chaja iwe ya lithiamu, sio ile ya zamani ya gari.

Kama betri ni nzima, fuata nyaya, na hapa usiangalie kwa macho tu maana ule waya wangu kwa macho ulikuwa mzuri tu. Weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini kilicho safi, alafu piga stata. Kama inasoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani, kwenye waya wa athi au pale ulipobanwa. Wangu ulisoma 1.4. Fanya hivyo hivyo kwa upande wa chanya, kutoka chanya ya betri mpaka bolti ya stata. Fungua, piga brashi ya waya mpaka chuma king'ae pande zote mbili, funga kwa nguvu inayotosha, paka grisi kwa juu baada ya kufunga. Mashine hizi zinatetemeka siku nzima, vichwa vya betri vinalegea kuliko kwenye gari, mimi navishika kwa mkono kila nikijaza mafuta, imekuwa kama tabia.

Tukija kwenye kuchaji. Washa injini, acha isailensi (iungurume taratibu bila kubonyeza mafuta), soma volti kwenye betri. Alafu panda mpaka RPM 3000 au 4000 hivi, inatakiwa ikae kati ya 13.8 na 14.5. Sasa washa vipasha joto vya mikono vyote mpaka mwisho, na cha kidole gumba, chomeka na kioo cha helmeti kinachopashwa kwa umeme kama unacho, uone inashuka mpaka wapi ikiwa imesailensi. Wengi wanashtuka hapo. Ikiwa imesailensi mashine haitengenezi umeme mwingi, kwahiyo ukisimama nusu saa unapiga stori huku mikono inapashwa moto, betri ndo inalipa, na ukifanya hivyo mara tano kwa siku jioni haiwashi na hakuna kilichoharibika. Lakini kama hata ukipandisha RPM volti zinabaki 12 na kitu, hiyo haichaji. Na kama zinapita 15, regyuleta (inayodhibiti volti za kuchaji) imekufa na inaipika betri, zima hapo hapo kabla haijapika na kompyuta. Jambo moja ambalo bado naona watu wanalifanya: kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma ili kuona kama inachaji. Usithubutu, umeme unaruka ghafla na unaweza kuua kompyuta ambayo bei yake itakutoa machozi.

Ikigoma kuchaji angalia fyuzi kubwa kwanza, alafu soketi ya regyuleta, ishike uinuse kabisa, plastiki iliyogeuka kahawia na harufu ya kuungua inakumalizia kazi. Alafu statori (koili zinazotengeneza umeme kwenye injini): chomoa soketi yake, utakuta nyaya tatu za rangi moja, mara nyingi njano, pima omu (ukinzani) kati ya kila mbili, zote tatu zisome karibu sawa na namba iwe ndogo sana, na hakuna hata mmoja unaotakiwa kugusana na chuma cha injini. Ikiwa inaunguruma pima volti za AC kati ya kila mbili, zilingane na zipande kadri unavyopandisha RPM. Tatu zikilingana na bado haichaji, regyuleta. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, statori. Namba kamili za mashine yako ziko kwenye kitabu chake cha ufundi.

Kama inachaji vizuri lakini ukiilaza wiki mbili unaikuta imekufa, kuna mwizi. Zima kila kitu, toa waya wa hasi, pitisha multimita katikati ikiwa kwenye ampea. Miliampea chache ni kawaida. Ukikuta 50, hesabu mwenyewe: masaa 24 ni ampea-saa 1.2 kwa siku, betri ya 18 inakwisha siku kumi na tano. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Mara tisa kati ya kumi, kwa ninayoyaona mimi, ni kitu ambacho mwenyewe alifunga, GPS au soketi ya kuchajia simu iliyoungwa moja kwa moja kwenye betri badala ya kupitia swichi.

Umeme ukishakuwa safi na bado nguvu hakuna, sasa ndo twende kwenye hewa. Kwanza toa theluji. Sio utani. Turbo inavuta hewa nyingi sana, na ile theluji ya unga inaingia kwenye nyavu za kuingizia hewa, inayeyuka kidogo ukisimama, alafu inaganda kuwa kibao cha barafu. Dalili yake ni kwamba asubuhi ilikuwa sawa, kwenye theluji nene ikaanza kuzama pole pole, ukasimama kula ikarudi kidogo, ikazama tena. Kwenye zile zenye intakula ya hewa (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) angalia nayo isije ikawa imejaa theluji iliyoshindiliwa.

Baada ya hapo fuata bomba lote kutoka turbo mpaka kwenye injini, kila mpira na kila klemu. Klemu iliyolegea kidogo haisikiki ukiwa umesailensi, inafunguka pale presha inapopanda, unasikia kama mtu anapuliza filimbi au anasema "pshhh" na nguvu inaondoka, alafu ukiachia inaziba. Njia nzuri ya kuikamata ni kuziba bomba pande mbili, ya turbo na ya injini (kwenye tustroki, yaani injini ya mipigo miwili, usiache presha iingie kwenye kasha la krenki, utaharibu sili), unapuliza hewa kidogo tu, psi 5 zinatosha kabisa, na unapaka maji ya sabuni. Panapovuja patatoa mapovu. Fanya ndani ambako kuna joto, mi mara ya kwanza nilifanya nje na sabuni ikaganda kwenye mpira kabla sijaona povu lolote, nikabaki naangalia barafu yenye harufu ya limao.

Kuna na vile vimipira vyembamba vinavyopeleka presha kwenye sensa na kwenye wesgeti, hivi vinapasuka kwa baridi au unyevu unaganda ndani. Wesgeti za springi zina kituko: mpira wake ukichomoka, kamlango hakafunguki kabisa, presha inapanda kupita kiasi na kompyuta inakata, kwahiyo mashine inaruka ruka kama punda aliyekataa mzigo. Ikikwama wazi ni kinyume, presha haipandi. Isukume kwa mkono injini ikiwa imepoa, itembee bila kukwaruza.

Upande wa moshi angalia springi na gasketi kati ya injini na turbo, masizi meusi pembeni ya kiungo ni uvujaji, na moshi unaovujia hapo ndo ule uliotakiwa kuzungusha turbo. Turbo yenyewe iache mwisho. Toa mpira wa kuingizia hewa, shika kipanga (kile kifeni cha turbo) kwa vidole: kuchezacheza kidogo kushoto kulia ni kawaida, ila kikigusa ukuta au kama mapanga yamelika, imekwenda. Kwenye fostroki (injini ya mipigo minne) moshi wa bluu na oili nyingi kwenye bomba la hewa ni dalili mbaya, kwenye tustroki moshi wa bluu ni maisha yake ya kila siku usikutishe.

Mafuta nisikae sana. Petroli ya oktani ndogo au iliyolala tangu msimu uliopita inagonga (inalipuka kabla ya wakati ndani ya injini), sensa inasikia, kompyuta inarudisha moto nyuma na nguvu inapungua bila taa yoyote kuwaka kwenye baadhi ya mashine. Maji kwenye mafuta yanaganda kwenye filta. Plagi zitoe zote uzilinganishe, moja ikiwa imelowa na nyingine kavu umeshajua silinda ipi. Kwenye tustroki angalia na vali za moshi, zikishikwa na kaboni zinagoma kufunguka na injini inakosa pumzi ya juu.

Joto nalo watu wanalisahau kwa sababu kuna baridi. Hizi mashine zinapozwa na theluji inayorushwa chini ya tanuli (lile handaki la chuma chini ya kiti), ukipita kwenye barafu ngumu au njia iliyoshindiliwa hakuna kinachorushwa, maji yanachemka, kompyuta inakata nguvu. Shusha vikwaruzi (vyuma vinavyokwaruza barafu irushwe juu) au ingia pembeni kwenye theluji laini, ikirudi umepata jibu.

Na kwanini turbo ikizingua mlimani unahisi kama umepoteza nusu ya injini? Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila mita 300 unazopanda, kwenye mita 3000 karibu theluthi imeondoka. Turbo ndo ilikuwa inakuficha hilo, ndo sababu Ski-Doo walipotoa Summit 850 E-TEC Turbo ya modeli ya 2020, sledi ya kwanza ya kiwandani ya tustroki yenye turbo, walikuwa wanawalenga watu wa milimani. Presha ikivuja unakutana na hewa nyepesi ya huko juu kwa mara moja. Kwahiyo ikizama ukiwa kwenye mteremko mkali usiilazimishe kupanda, igeuze kuelekea chini mapema, utatafuta klemu ukiwa mahali salama.

Mkanda: ukiwa unang'aa ubavuni kama kioo, umechanika nyuzi, au unanuka, badilisha, na ufute klachi kwa kitambaa kikavu. Basi.

Ikikuzimikia mbali na betri haina kitu, zima vipasha joto vyote na chomoa kila ulichochomeka kabla ya kujaribu, ili umeme kidogo uliobaki uende kwenye pampu na kompyuta. Ukibusti kutoka mashine ya mwenzako, waya wa hasi wa mwisho bana kwenye chuma cha injini, sio kwenye betri iliyokufa. Zile zinazowashwa na kapasita badala ya betri zikilala usiku unaanza kwa kuvuta kamba tu, haijaharibika ndivyo zilivyo. Fostroki kubwa nyingi hazina kamba, wenye hizo wabebe busta ndogo mfukoni kwenye joto la mwili. Wenye kamba, ivute mara mbili tatu nyumbani kabla msimu haujaanza. Yangu ilikaa miaka bila kuguswa, siku ya kwanza naihitaji ikakatikia mkononi, nikarudi kwa miguu na kishikio.